Ukuta wa San Pedro

Sehemu ya Kumi na Moja

Ufunguo ulizunguka mara moja tu, kwa sauti ndogo, na Eréndira akajua mlango umefungwa nyuma yake.

Hapo ndipo tulipomwacha Jumapili iliyopita, chini kabisa ya nyumba ya Leandro Arrambide, ndani ya chumba cha kufulia. Mkono wake ulikuwa umezama mpaka kiwiko kwenye ufa wa ukuta wa nyuma, na vidole vyake vilikuwa vimegusa kitu ambacho hakikupaswa kuwepo.

Maji. Si unyevunyevu wa ukuta, bali maji yanayotembea.

"Umeona nini huko, Inginia?"

Leandro alikuwa ameegemea mlango. Shati jeupe, saa nzito, mikono mifukoni. Alikuwa akitabasamu kwa mdomo tu.

Eréndira akautoa mkono taratibu. Ulikuwa umepakaa tope jekundu.

"Fungua mlango, Bwana Leandro."

"Tuongee kwanza. Wiki tatu umekunywa kahawa yangu, umekula mbuzi wangu, nikidhani umekuja kumtayarishia Mama chumba. Kumbe unatupima!"

Kweli alikuwa akiwapima. Bi Obdulia Zubirán, mjane wa miaka sabini na minane, alikuwa amechoka na nyumba yake ya zamani katikati ya Monterrey. Alitaka kumalizia maisha kwa mmoja wa watoto wake wawili. Leandro aliishi hapa San Pedro, kwenye miguu ya mlima, kwa matajiri wa Monterrey. Violeta aliishi Puerta de Hierro, kwa matajiri wa Guadalajara. Na ajuaye familia hii anajua kwamba atakakokwenda mama ndiko kitakakokwenda kiti cha mwenyekiti wa kampuni.

Bi Obdulia hakumwamini yeyote kati yao. Akamwita kwa siri mhandisi, mthamini wa majengo kutoka Guadalajara, Eréndira Covarrubias, mwanamke wa miaka thelathini na mitano. "Nenda ukae wiki tatu huku na wiki tatu kule," alimwambia. "Kisha uniambie ukweli."

Leandro hakusubiri mama yake aamue. Siku kumi na moja zilizopita alimhamishia mama yake hapa, eti kwa majaribio. Na jana usiku akalikuta daftari la Eréndira.

"Nyinyi watu wa Guadalajara," alisema sasa, "mnavaa vizuri, mnacheka vizuri, halafu mnamchoma mtu kisu mgongoni."

"Na nyinyi wa Monterrey mnaleta marumaru kutoka Italia, halafu mnabana saruji ya ukuta."

Tabasamu likamfutika Leandro.

"Utaufuta ukurasa wa ukuta kwenye ripoti yako."

"Njoo dirishani."

"Nimesema utaufuta!"

"Njoo dirishani, Bwana Leandro, kisha unipigie kelele."

Kulikuwa na dirisha dogo karibu na dari. Kupitia hapo mtu aliweza kuuona ukuta mkubwa wa kuzuia udongo wa mlima, mita tisa kwenda juu, uliokuwa nyuma ya nyumba nzima. Mvua ilikuwa ikinyesha siku ya pili bila kupumua.

"Yaone yale matundu chini ya ukuta. Yako kumi na manne. Mangapi yanatoa maji?"

Leandro akachungulia. "Hakuna hata moja. Pakavu. Si ndiyo vizuri?"

"Matundu hayo yaliwekwa ili maji ya mlima yatoke. Siku mbili za mvua na hayatoi kitu. Sasa niambie, hayo maji yako wapi?"

Leandro akageuka, akautazama ufa wa ukutani.

Wakati huohuo, tundu la saba likatema tope. Likatema kama mtu anayekohoa. Kisha la nane. Na nyumba ikatoa mlio ambao Leandro hakuwahi kuusikia katika miaka yote aliyoishi humo, mlio mrefu kama wa mbao inayopindwa gotini.

"Fungua mlango," alisema Eréndira.

Safari hii Leandro hakubisha. Akaingiza ufunguo, ukazunguka vizuri kabisa. Akavuta.

Mlango haukusogea.

Akavuta tena kwa mikono miwili. Akapiga bega. Eréndira akatazama juu, akaona fremu ya mlango imepinda, upande wa kushoto umeshuka kwa upana wa kidole.

"Umetufungia ndani," alisema.

"Nilitaka tuongee tu!" Sauti ya Leandro ilikuwa imepanda, nyembamba kama ya mtoto. "Chayo! Chayoooo!"

Nyayo zikasikika kwenye ngazi. Chayo alikuwa mtumishi wa nyumba hiyo kwa miaka kumi na sita, mwanamke mfupi asiye na haraka.

"Nani yuko humo?"

"Mimi! Lete chuma!"

"Chuma gani, bosi?"

"Chochote! Kile cha kuchomea mbuzi!"

"Hicho kina mafuta, bosi, bado sijakiosha."

"Chayo, kwa jina la Mama wa Mungu, lete!"

Maji yalikuwa yameanza kuingia kupitia ufa. Kwanza yalilowesha viatu. Mpaka Chayo anarudi yalikuwa yamefika vifundoni, na mashine ya kufulia ilikuwa imesogea yenyewe nusu hatua kutoka ukutani, jambo ambalo wote wawili waliliona na hakuna aliyelitaja.

Chuma kikaingia kwenye upenyo. Chayo akasukuma kutoka nje, Leandro akavuta kutoka ndani. Mbao ikapasuka. Eréndira alipita wa kwanza, kwa ubavu, akaacha kifungo cha koti lake sakafuni.

"Bi mkubwa yuko wapi?" aliuliza.

"Chumbani, anakula," alijibu Chayo. "Nimemwambia nyumba inalia. Akasema nyumba zote hulia zikizeeka."

*

Bi Obdulia alikuwa kitini karibu na dirisha, shali mabegani, sahani ya nyama kavu na mayai mbele yake. Kwenye bakuli la sukari alikuwa ameegemeza simu, na ndani ya simu alikuwa Violeta, binti yake, nywele zimetengenezwa tayari kwa siku, nyuma yake anga la Guadalajara likiwa jeupe pee. Kila asubuhi Violeta alipiga simu saa ya staftahi. Hakukosa hata siku moja.

"Mama, simama, twende," alisema Leandro akihema.

"Umelowa, Leandro. Unaharibu zulia."

"Mama!"

"Bi Obdulia," Eréndira akaingilia, "ukuta wa nyuma unashuka. Siwezi kukwambia ni dakika tano au ishirini. Lakini unashuka."

Bibi akamtazama. Macho yake yalikuwa madogo, makavu, yasiyopepesa.

"Ukuta umekaa miaka thelathini na mmoja, utanisubiri dakika tatu. Nilikutuma kazi, binti. Nipe jibu la kazi. San Pedro au Puerta de Hierro?"

"Si wakati wake!" alisema Eréndira.

"Nikitoka hapa, huyu atanipakia kwenye gari, yule atanitumia tiketi ya ndege, na kuanzia hapo nitahamishwa kama kabati. Siondoki kwenye kiti hiki mpaka nijue ninakwenda wapi. Sema."

Leandro alikuwa tayari ameinama ambebe kwa nguvu. Bibi akanyanyua uma. Leandro akarudi nyuma.

Eréndira akavuta pumzi. Akasema haraka, kama mtu anayetupa mizigo nje ya chombo kinachozama.

"Hapa San Pedro utakuwa salama barabarani. Kuna kamera kila kona, na polisi wanalijua gari lako kabla hujashuka. Majirani watakuuliza jina la baba yako kabla ya kukuuliza hali, na wakishalisikia watakupisha kanisani. Lakini kwa wiki tatu sijamwona mtu wa umri wako akitembea kwa miguu hata hatua mia. Wanaotembea hapa ni watumishi wanaoshuka kituoni."

"Na kwa Violeta?"

"Ghorofa ya ishirini na mbili. Hewa nzuri, na maduka yako chini ya miguu yako. Hakuna atakayekuuliza jina la baba yako. Hakuna atakayekuuliza chochote. Pale kumuuliza jirani anafanya kazi gani si adabu, na kwa wengine si salama. Nimepanda lifti ile wiki tatu. Walioitikia salamu yangu ni wanne, na watatu kati yao walikuwa walinzi."

"We Eréndira!" Simu ilipiga kelele. "Mtu wa kwetu kabisa unatusema hivyo?"

"Kwa hiyo ni wapi?" Bibi hakuigeukia simu.

"Mitaa yote miwili imejengwa kwa watu wanaoogopa, Bi Obdulia. Hapa wanaogopa wasiowajua. Kule wanaogopa wanaowajua. Wewe unaogopa nini? Ukinijibu hilo, nitakujibu."

Glasi ya maji mezani ikatetemeka. Kijiko kikaanguka.

Violeta aliona hayo kupitia simu, na hofu ikamzidi.

"Mama, toka humo sasa hivi! Nilijua tu! Nilijua lile korongo la maji iko siku litarudi mahali pake!"

Bi Obdulia akaweka uma mezani.

"Korongo gani, Violeta?" aliuliza Bi Obdulia.

Violeta akatazama pembeni.

"Nimekuuliza, korongo gani?"

"Chini ya nyumba hiyo, Mama. Baba alilifukia wakati anapima viwanja. Nilikuta michoro kwenye makabati ya ofisi ya huku."

"Lini?"

"Februari."

Leandro akaishika meza. "Februari! Uliniacha nilale juu ya korongo tangu Februari?"

"Ningekwambia ungeniamini? Ungesema wivu! Nilipojua Eréndira anatupima, nilisubiri ripoti yake ilione korongo yenyewe, ili isiwe mimi niliyesema."

"Violeta," alisema bibi. Sauti yake ilikuwa ya chini mno, ikabidi binti asogeze uso karibu na simu yake ili asikie. "Nimelala hapa siku kumi na moja. Kila asubuhi umenipigia. Kila asubuhi umeniuliza kama nimelala vizuri."

Violeta akafungua mdomo.

Bi Obdulia akaigeuza simu kifudifudi, taratibu, akaifunika kwa leso ya mezani. Kisha akasimama.

"Chayo, nipe viatu."

*

Leandro alimbeba mama yake mgongoni. Walishuka ngazi zilizofunikwa na vumbi la plasta, wakapita sebuleni ambako picha zote zilikuwa zimekaa upande, wakatoka kwenye mvua. Njia ya gari ilikuwa mto mwekundu. Mlinzi wa getini alikuja akikimbia na mwavuli mmoja, akawa hajui amfunike nani.

"Juu kabisa, kwenye barabara!" alipiga kelele Eréndira. "Msisimame chini ya nyumba!"

Walipofika kibandani kwa mlinzi, Eréndira akahesabu vichwa.

Bibi. Leandro. Mlinzi. Yeye mwenyewe.

"Chayo yuko wapi?"

Mlinzi akanyoosha kidole. "Amerudi. Amesema vitambulisho vyake viko chumbani."

Eréndira alikichora chumba hicho kwenye daftari lake wiki iliyopita. Kilikuwa nje, nyuma ya nyumba, kimeegemezwa moja kwa moja kwenye ukuta wa mlima. Mita mbili kwa tatu, na dirisha moja linalotazama matundu yale kumi na manne.

Akageuka akaanza kukimbia. Mkono ukamshika bega, ukamvuta nyuma.

"Wewe una ripoti ya kuandika," alisema Leandro.

Akashuka yeye. Mtu aliyefunga mlango nusu saa iliyopita alikimbia kwenye tope na viatu vyake vya ngozi, akaanguka, akainuka, akapotea kwenye kona ya nyumba.

Bi Obdulia alisimama mlangoni mwa kibanda. Midomo yake ilikuwa ikienda tu, bila sauti.

Ukuta haukuanguka kama wanavyoanguka watu, kwa ghafla. Ulitoa tumbo kwanza. Ulivimba katikati, polepole, kama kitambaa kinachopulizwa na upepo. Kisha mlima ukapita.

Sauti yake iliwafikia baadaye kidogo. Bwawa la kuogelea likatoweka. Upande wa nyuma wa nyumba, chumba cha kufulia, chumba cha Chayo, jiko lote, vikakunjwa ndani. Mbele, mlango mkubwa wa mwaloni ulibaki umesimama, na taa yake ya umeme bado inawaka.

"Leandro," alisema bibi.

Eréndira alianza kuhesabu moyoni, bila kujua anahesabu nini. Alipofika arobaini na moja, mtu akatoka upande wa gereji. Walikuwa watu wawili, rangi moja, rangi ya udongo, mmoja amemwekea mwenzake mkono begani. Aliyekuwa mfupi alikuwa amekumbatia mfuko wa plastiki.

"Vimepona," alisema Chayo alipofika. Kisha akaketi chini kwenye mvua.

*

Kibandani kulikuwa na kiti kimoja cha plastiki. Bi Obdulia alikikalia kama kiti cha mwenyekiti. Leandro alikuwa nje, anamfunika Chayo kwa koti la mlinzi, na kwa mara ya kwanza alikuwa akimwita kwa jina lake zima, Rosario.

Simu ya Eréndira ikatetemeka mfukoni. Violeta.

Hakukuwa na salamu. Kulikuwa na picha ya mchoro wa zamani, karatasi ya samawati iliyochakaa kwenye mikunjo, na chini yake maneno haya: *Si mimi niliyelifukia. Mwulizeni aliyetia sahihi.*

Eréndira akaikuza picha kwa vidole viwili. Aliuona mlima. Akaliona korongo, likiwa na mstari wa kukatwa juu yake. Akauona muhuri wa kampuni ya marehemu Evelio Arrambide, mumewe Bi Obdulia, na tarehe, miaka thelathini na mmoja iliyopita. Akashuka pembeni, kwenye kisanduku cha mhandisi aliyethibitisha kwamba udongo ni salama kujengwa.

Anselmo Covarrubias Ledezma.

Akasoma tena. Herufi ile ya A iliyofungwa kwa kitanzi ilikuwa ileile iliyokuwa kwenye ripoti zake zote za shule.

Baba yake. Mzee anayetengeneza redio mbovu kwenye baraza ya nyumba yake Tlaquepaque, ambaye hawezi kutia sahihi hata risiti ya maziwa bila kuisoma mara tatu. Eréndira alijua kwamba alizaliwa Monterrey. Alijua pia kwamba walihama akiwa na miaka minne, kwa basi, kwa siku moja, na kwamba nyumbani kwao swali la *kwa nini* halikuwahi kupata jibu.

Alipoinua macho, Bi Obdulia alikuwa akimtazama.

"Umeliona jina," alisema bibi.

"Ulijua?"

"Wathamini wamejaa Guadalajara, binti. Unafikiri nilifumba macho nikachagua?"

"Baba yangu asingetia sahihi kitu hiki."

"Alikataa. Mara mbili aliandika kwamba ukuta huu utakuja chini. Kwa mkono wake, kurasa sita, mwandiko mzuri. Mume wangu alimtuma wakili, akamfukuza. Akamtuma padri, akampa kahawa, akamfukuza pia." Bibi akazishika ncha za shali lake. "Mara ya tatu Evelio hakumtuma mtu. Nilikwenda mimi."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia neno. Nilipita kwanza shuleni kwa watoto wadogo. Nilikuwa nimevaa vizuri, nina gari na dereva, hakuna aliyeniuliza chochote. Nikaingia ofisini kwa baba yako nimemshika mkono mtoto wa miaka minne, anakula barafu ya embe. Akamtazama mtoto. Akanitazama mimi. Akachukua kalamu."

Mvua ilipiga bati la kibanda. Eréndira aliona mikono yake mwenyewe, tope jekundu limekaukia kwenye kucha.

"Mtoto huyo..."

"Ulikuwa mchangamfu sana. Uliniimbia njia nzima."

Eréndira akashika ukuta. Dakika kumi zilizopita alikuwa amemshikilia bibi huyu mgongoni kwa Leandro ili asianguke kwenye ngazi.

"Kwa nini umenileta hapa?"

"Kwa sababu maisha yangu yote mtu mmoja tu aliniandikia ukweli, nikamvunja. Nilitaka kuusoma tena kabla sijafa." Kwa mara ya kwanza sauti ya bibi ilikatika. "Na uliniuliza ninaogopa nini. Sasa unajua: ni hilo nililolifanya. Andika, basi. Ukiandika yote, baba yako atakwenda kizuizini kwa sahihi hiyo, na mimi nitakufa kabla ya kuitwa. Ukinyamaza, mwanangu ataendelea kuuza viwanja vya korongo hilohilo hapo chini. Viko kumi na tisa. Vitano vimeshajengwa, na watu wamo ndani."

Taa nyekundu zikapaka kioo cha kibanda. Gari la waokoaji lilikuwa limesimama getini. Ofisa akashuka na ubao wa kuandikia uliofunikwa nailoni, akachungulia mlangoni, maji yakimchuruzika kwenye kofia.

"Wameniambia kuna mhandisi aliyeuona ukuta kabla haujaanguka. Ni nani?"

Bi Obdulia alikunja mikono mapajani.

"Ni mimi," alisema Eréndira.

"Nahitaji maelezo yako, na mchoro wowote ulionao." Macho ya ofisa yakaiangukia simu iliyokuwa ikiwaka mkononi mwake. Akaandaa kalamu. "Tuanze na jina lako kamili."